Ngazi Tatu za Saruji

Kabla gesi haijagunduliwa, pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, tulikula chini. Jirani yangu, mwanamke tuliyekua naye uani pamoja, alikuwa na kibanda cha chakula: mikeka minne, sinia za wali na samaki wa nazi, birika la kunawia. Miguu yangu ilipooza nikiwa mtoto, lakini kwenye mkeka hakuna aliyenizidi kimo. Nilishuka kwenye baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ninayoizungusha kwa mikono, nikajivuta hadi kwenye sinia, nikala na wachuuzi na wavuvi. Kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa.

Kisha wageni wa gesi wakajaa mjini, na jirani akataka mgahawa wa kisasa. Kibanda kikavunjwa. Kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, akaniletea vitambaa nimshonee nguo za meza, na kipimo chake: toka juu ya meza hadi sakafuni. Nikakata, nikapinda, nikapiga pasi. Sikujiuliza meza ya kimo kile nitaifikiaje. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba kazi ile niliisifu mwenyewe.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Ijumaa baada ya swala, na mtaa mzima tulialikwa kwenye dua. Nikavaa kanzu mpya. Nilipofika nikakuta ngazi tatu za saruji, na huko juu meza na viti virefu vimefungwa kwa nati sakafuni, havisogei. Jirani akaja anatabasamu, akanionyesha kando ya majiko ya mkaa. Palikuwa na mkeka, na sahani moja imefunikwa kawa.

“Kaka, nimekutandikia mkeka wako, upate raha,” alisema.

Heri angenitukana. Tusi ningelijibu, huruma ile ningeijibuje? Vijana wawili wakajitolea kunibeba. Nikawakatalia, mimi si gunia la mihogo. Nikauliza friji kubwa niliyoiona ikishushwa wiki ile ilipandaje. Nikaambiwa uliwekwa ubao mpana, ikasukumwa. Na ubao uko wapi? Umeshafanywa rafu ya sahani. Friji ilitengenezewa njia! Mimi niliyelia na kucheka na mwenye mgahawa tangu utotoni, nikatengewa moshi.

Nikaipeleka baiskeli hadi mbele ya ngazi, nikaikingamisha njiani, nikafunga breki. Nyuma yangu watu wakasimama na kanzu zao na buibui zao. Jirani akainama, akaninong'oneza nisimtie aibu mbele ya wageni.

“Dada,” nikamwambia kwa sauti ya kusikika, “aibu umeijenga mwenyewe kwa saruji.”

Mwalimu wa chuo cha Qur'ani, aliyekuja kusoma dua, alizitazama zile ngazi, akanitazama mimi, kisha akavua viatu na kuketi kwenye mkeka wangu. Mwingine akafuata. Mikeka ikatafutwa nyumba za karibu, dua ikasomwa chini, na sinia zikateremshwa moja moja. Nilikula kwa hasira, nikapaliwa na mwiba wa samaki, nikaendelea kula. Huko juu nguo zangu za meza zilibaki safi, hazijaguswa. Jirani hakuketi nasi.

Nilidhani amenielewa. Jumatatu nikapita, ngazi ziko vilevile, na watu wa gesi wamejaa juu. Baadhi ya wale waliokula nami chini siku ile walikuwamo, wamenipa kisogo. Hao walinikasirisha kuliko mwenye mgahawa.

Baada ya miezi kadhaa jirani akaniletea zile nguo za meza, zimechanika pindo na kuingia madoa ya mchuzi. Alisema nizishone upesi, wateja wanalalamika. Nilimwambia nitazishona siku atakapoziwekea ngazi mteremko wa kupitisha baiskeli na kufungua nati za viti vya meza moja tu, nami nizilete mwenyewe, nizitandike kwa mkono wangu.

Akaondoka amenuna. Nguo zake bado ziko kwangu, chini ya cherehani, na tangu Ijumaa ile mchuzi wa mgahawa ule nauona kwa madoa tu.