Siku Nilipomkataza Furaha Hesabu

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kibabi, na majuzi nilijiaibisha mwenyewe darasani kwangu. Mwanafunzi wangu Furaha alitaka option ya math-physique, mchepuo wa hesabu na fizikia, ili baadaye aingie polytechnique, chuo cha uhandisi. Nikamwita pamoja na mama yake, nikamshauri achukue pédagogie, ya kusomea ualimu: ni nyepesi, pourcentage ya alama zake itapanda, chuo kitamkubali.

"Polytechnique itanipima kwa hesabu, mwalimu," akajibu kwa adabu.

Moyoni nilimvulia kofia, ila mdomo haukukubali kushindwa. Ili kumtisha nikaandika ubaoni: shamba lina mzunguko wa mita 140 na eneo la mita mraba 1,200, urefu ngapi, upana ngapi?

Akaandika 40 kwa 30. Nikacheka, nikafuta, nikaandika 50 kwa 20.

"Mama, unaona? Hesabu zitamushinda."

Mama yake, mkulima wa maharage, aliukazia macho ubao.

"Mwalimu, makumi tano mara makumi mbili njo elfu moja. Ile mia mbili imeenda wapi?"

Chaki ikaniponyoka. Furaha akaniokotea, bila kucheka.

"Mutoto atachukua math," mama akasema. "Ile pédagogie, mwalimu, chukua wewe."