Wafanyakazi wa Mama Chupani

Hapa Bagara kuna watu waliozaliwa kando ya zizi, lakini wakishapata sakafu ya vigae humruka sisimizi kama wameona nyoka. Jumuiya yetu ya kusali nyumba kwa nyumba imejaa watu hao.

Sebuleni nilikuwa na chupa pana yenye mfuniko, ile ya dukani ya kuwekea pipi, na ndani yake kangaga, mmea wa penye majimaji. Mama aliling'oa kwenye chemchemi ya nyumbani kabla haijakauka na kulimwa mahindi. Jingine halikubaki.

Mvua zilipoanza, ukungu mweupe ulitambaa juu ya udongo ukapanda kwenye mashina. Niliufuta kwa pamba, nikasoma kwenye simu ushauri wa watu wasiowahi kushika jembe. Mama alikuja kunitembelea, akatazama mara moja, akacheka. Akaenda uani, akafunua shina la mgomba lililooza, akarudi na udongo kiganjani. Vidudu vyeupe viliruka ndani yake, vidogo kuliko punje ya chumvi. Akaumwaga wote chupani.

"Hawa ndio wafanyakazi," alisema. "Wanakula uozo, mmea hawaugusi. Wewe waache tu."

Wiki ya tatu ukungu ulikwisha, na kangaga likatoa jani jipya. Nilifurahi kama mtoto.

Kisha ikafika zamu yangu ya kupokea jumuiya. Sala haijaisha, mke wa mwenye duka mmoja akainamia chupa.

"Jamani dada, una wadudu! Na chai tunywe hapa hapa?"

Watu wazima wakanyanyua miguu. Vidudu vimefungiwa chupani, wao wanaficha vikombe! Aliyeziba pua ni yule ambaye kwao Maisaka kuku hulala jikoni. Wakafunua mfuniko, wakapuliza dawa ya wadudu mpaka kioo kikalowa, wakamshukuru Mungu, wakala maandazi. Eti mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ukungu ulirudi kabla ya Jumapili ya pili, na lile jani jipya ndilo lililotangulia kuoza. Nilimpigia mama simu, nikawasema wageni wangu mmoja mmoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Hiyo dawa walikuja nayo?"

Niliinuka mwenyewe siku ile, nikaitoa chini ya sinki, nikaitikisa vizuri, nikawakabidhi. Nikawaambia, "Mnisamehe, ni mama yangu wa kijijini ndiye aliyeniletea huu uchafu."