Chura wa Korongoni

Juzi chura alilia chini ya bomba langu linalovuja hapa mjini, mtaa wa Area D, nikaikumbuka alasiri moja ya kiangazi kijijini kwetu. Mama alikuwa akichimba mchanga wa korongo kutafuta maji, akafukua chura aliyejizika. Mchanga ule ulinukia mvua. Nilivyojua mimi, vyura wakilia ndipo mvua hunyesha. Leo najua mvua ndiyo huwaliza. Nikakimbia na yule chura nyumbani, nikammwagia maji yote yaliyobaki mtungini ili alie.

Hakulia. Aliyelia ni mdogo wangu, midomo imempasuka kwa kiu.

Mama alirudi na ndoo tupu, akachungulia mtungini. Hakunipiga. Alipiga magoti mbele ya yule chura.

“Lia basi, baba,” alimsihi. “Lia.”