Pia za Mkerezaji wa Chovae

Kuna meza moja iliyonikera mwezi uliopita pale Kismayo, na bado inanikera. Ukumbi wa hoteli, feni zinazunguka, sambusa zimefunikwa kitambaa, na watu wamekuja kutazama vitu vya wazee wetu. Juu ya meza ile zilipangwa pia za kusokotea, vile vijiti vyembamba vyenye kisahani karibu na ncha, ambavyo bibi zetu walivizungusha pamba ikageuka uzi. Zilikuwa mpya, zimekerezwa kwa mashine ya umeme na kupakwa vanishi mpaka zinateleza kama samaki. Watu walizishika kwa ncha za vidole, wakapiga picha, wakazirudisha mezani. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kuzungusha.

Mimi nilizungusha moja. Iliyumba, ikalala. Nikachukua nyingine, nayo ikalala. Kila moja ilikuwa na kibonde upande mmoja, chini kidogo ya kichwa, kimesuguliwa kwa msasa kwa uangalifu wa kipumbavu. Nikamuuliza kijana muuzaji kibonde kile ni cha nini.

"Hilo ni pambo la kale, dada," akasema. "Tumeiga mfano wa kweli. Tuliukuta umetundikwa ukutani kwa mkerezaji mmoja Chovae."

Nilitaka kumwambia. Kisha nikafikiri: ataona najidai kwa kuwa nimesoma. Au atacheka. Au atageukia mteja mwingine, nami nibaki nimesimama na sambusa mkononi sijui niiweke wapi. Nikaondoka, na tangu siku ile nimeyarudia maneno ambayo sikuyasema mpaka yamepoteza ladha. Basi acha nikwambie wewe.

Kisiwani Chovae nyumba yetu ilinuka pamba na mafuta ya papa. Bibi alisokota nyuzi za kalafati, zile zinazopigiliwa kati ya mbao za mashua ili maji yasiingie. Alikaa mkekani, pia imesimama ndani ya kifuu cha nazi, akaizungusha kwa mkono wa kushoto. Kula alikula kwa mkono wa kulia kama watu wote, lakini kusokota kulikuwa kazi ya kushoto. Kazi yangu ilikuwa kutoa mbegu kwenye pamba, nikiwa na kipande cha mkate wa mofa kinywani, na nywele zangu zikawa nyeupe kama za kizee.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mkerezaji. Alikaa chini mchangani, mkono wa kulia unavuta na kusukuma uta uliouzungusha mti, patasi ameishika kwa mkono wa kushoto na vidole vya mguu. Kutwa nzima tulisikia uta wake ukilia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Alikereza matendegu ya vitanda na misuruaki ya mitawanda, vile vigingi vya kushikwa na vidole kwenye viatu vya mbao, na bibi alimdharau kwa moyo wake wote.

"Huyo hukereza mchana," alisema, "usiku kitanda kinaanguka."

Naye mkerezaji, akipita mlangoni, aliuinua uzi wa bibi kwenye mwanga. "Dada yangu, huu ni uzi au ni mgongo wa kamba? Mbona una vinundu?" Bibi alimrushia maganda ya pamba. Sisi watoto tulidhani wanachukiana.

Siku moja pia ya bibi ilipasuka. Aliirithi kwa mama yake, na haikuwapo nyingine nyumbani. Msiba wenyewe ulikuwa mkono. Ule mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kukakamaa, na kusokota ndiko kulikoulainisha. Siku chache tu bila kazi, vidole vilianza kujikunja mapajani kama vya mtu anayeficha kitu. "Mkono ukikaa bure unakufa," alisema, akawagombeza kuku wasio na kosa. Mwisho alivaa buibui lake zuri, akaenda kwa mtu aliyemdharau.

Mkerezaji alipoleta pia mpya alitembea kama bwana harusi. Ilikuwa nzuri kweli, na ilikuwa na kibonde. Kerezo hutoa mviringo tu, haliwezi kutoa kibonde upande mmoja, kwa hiyo alikuwa amekichonga kwa kisu baadaye. Ndicho alichojivunia zaidi.

"Umeniletea nini, Fundi?"

"Pia yako, dada yangu. Hata alama ya kidole chako nimeitia."

"Mchu akishona kanzu mpya, huishona na viraka?" akasema bibi, maana kisiwani mtu ni mchu.

Watoto tukacheka, mkerezaji hakucheka. Kibonde kile kilikuwa kazi ya gumba la bibi, na kabla yake la mama yake. Kililika polepole sana, na kila kilipolika, kisahani kilisogezwa kidogo upande wa pili ili pia isiyumbe. Mkerezaji aliiga uchakavu, akauacha ufumbuzi wake. Bibi aliizungusha kwenye kifuu mara moja, ikalala. Akanyoosha mkono kuitia motoni chini ya chungu cha uji.

Mkerezaji akamnyang'anya. "Kuna siku mchu mwenye macho ataiona," akasema, akaenda kuitundika ukutani kwake. Na kweli wamekuja wenye macho, wameiona, wakaifanya urithi.

Zilizofuata mkerezaji hakuwahi kuziokoa na moto. Moja ilikuwa nzito, moja ina shingo ndefu, moja ina maua. Uji wetu uliiva kwa kuni zilizokerezwa vizuri kuliko kuni za sultani. Huku vidole vya bibi vikazidi kujikunja, na usiku mama alivikanda kwa mafuta moto.

Kisha mkerezaji akaleta moja iliyokuwa kavu kabisa, haina ua wala pete. Bibi ilibidi aikunjulie vidole kimoja kimoja. Akaizungusha. Pia ikasimama ndani ya kifuu, ikavuma, ikatulia mpaka ukadhani haizunguki. Uzi ukaanza kutoka. Mkerezaji alikuwa anatazama kuku.

"Itanifaa," bibi akasema, "mpaka nipate ya maana."

"Ukiipata niletee niione."

Hakuitafuta. Tulipohamia Mombasa aliifunga ndani ya leso, akaendelea kusokota nyuzi ambazo hakuna aliyezihitaji, kwa kuwa boti zote sasa ni za plastiki. Kila jioni aliitukana pia ile na aliyeikereza, na kila jioni mkono wake ulikuwa laini.

Habari ya kifo cha mkerezaji ililetwa na simu. Mama akairudia kwa sauti. Bibi akauliza, "Mkerezaji yupi?" ingawa tulimjua mmoja tu. Akaizuia pia yake kwa kiganja. "Hakujua kukereza," akasema. Akaizungushia uzi uliobaki, akaiweka chini ya godoro.

Hakusokota tena. Nilimwambia kwamba jirani yetu mmoja, seremala, angeweza kumkerezea nyingine. Akanitazama kama niliyesema upuuzi. Ile pia ya chini ya godoro haikuwa na kosa. Nilikuwa bado nadhani dharau ni jambo unaloweza kumfanyia mtu yeyote. Dharau yake ilikuwa na mwenyewe, mtu aliyeweza kuambiwa kazi yake ni kuni, akarudi kesho na nyingine. Siku zile Mombasa kila aliyekuja kumwona alimsifu, uzi mzuri, bibi, mashaallah, na vidole vikaendelea kujikunja ndani ya sifa hizo mpaka mkono ukafunga.