Taa Nyekundu ya Heta

Nyumba yetu ya Magogoni ilipata heta kabla haijapata viti vya maana. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mombasa hii, ambako mchana maji ya bomba hutoka yenyewe yakiwa moto, mtu na akili zake ananunua tangi la kuchemshia maji ya kuoga? "Kwani nyinyi mwaishi Limuru kwenye baridi?" walimuuliza mama. Baba alifanya kazi kwenye bohari la mafuta kule Changamwe, na harufu ile haikutoka kwa maji baridi, hata ujisugue mpaka ngozi ichubuke.

Swichi ilikuwa ukutani, nje ya mlango wa bafu, na pembeni yake kitaa chekundu kidogo kama punje ya harage. Mama aliiwasha akishaswali alasiri. Mimi na kaka yangu hatukuhitaji saa. Taa ikiwaka, baba yuko njiani. Tuliondoa viatu mlangoni asije akajikwaa, tukapunguza redio, tukafungua madaftari hata kama hakuna aliyesoma. Baba akiingia alipita moja kwa moja hadi bafuni, mikono ameinyoosha mbele kutuzuia tusimrukie. Alipotoka alinukia sabuni. "Haya, sasa njooni," alisema, na hapo ndipo tulipompata.

Alifariki nikiwa darasa la saba. Asubuhi alitoka mzima, jioni akaletwa. Maji ya kumwosha yalitoka kwenye heta ile ile.

Wiki chache baada ya matanga, nikitoka shuleni, niliona taa inawaka. Sikuuliza. Nilijua mama ameshindwa kuacha, na nilimhurumia. Kuanzia siku hiyo aliiwasha kila alasiri, mwaka baada ya mwaka. Nikaolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani, bado anaiwasha. Nami siku hizi hufanya kazi Changamwe, kwenye afisi ya malori, na kila jioni nilipoingia taa ilikuwa inanisubiri. Maji yenyewe hayakuwa na mwogaji. Tuliyaoshea vyombo.

Kaka yangu, anayeishi Jomvu Kuu, alikuwa akinigombeza kwa simu kila tokeni za umeme zilipokwisha. "Mwamchemshia nani maji nyinyi?"

"Mwache mama," nilimwambia. "Ndivyo anavyomkumbuka baba."

Kisha tangi likaoza, likaanza kuvuja. Nilikwenda kutafuta spea Kongowea, muuzaji akanitazama kama niliyeulizia mafuta ya chemli. Kuna kanuni mpya, akaniambia. Heta za kubugia umeme namna ile haziletwi tena, wala spea zake. Zinazouzwa sasa zina kibandiko cha nyota, nyota zikiwa nyingi ndivyo inavyokula kidogo. Au niweke ya jua juu ya paa, nisahau habari za tokeni.

Sina ugomvi na kanuni. Heta yetu ilikuwa fisi, na jua tunalo la kumwaga. Lakini nilirudi nyumbani nimenuna kama mtu aliyefukuzwa harusini. Waliotunga kanuni walifikiria bili, na wana haki. Mimi nilifikiria ile punje nyekundu ukutani.

Tukaweka ya jua. Fundi, mtu wa bara mwenye adabu zake, alipomaliza paa alishuka na bisibisi mkononi, akanigeukia. "Hii swichi natoa, mama. Haina kazi tena."

"Usiiguse!" Nilifoka mpaka mwenyewe nikashtuka. Nikamwomba aiunganishe upya, iwashe kile kitaa peke yake.

"Taa tu? Bila kitu?"

"Taa tu. Ni ya mama yangu. Mtu mzima, ameizoea."

Mama alikuwa mlangoni pa chumba chake, tasbihi mkononi, akitusikiliza.

Kesho yake nilitoka kazini, nikafungua mlango, nikatazama ukutani. Taa imezimika. Nikavivua viatu ovyo pale mlangoni, nikaenda hadi kwenye swichi, mama akaja nyuma yangu.

"Mama, leo hukuwasha?"

"Niwashe nini? Maji si yachemshwa na jua?"

"Nilidhani utataka... kwa ajili ya baba."

"Babako, Mungu amrehemu, namwombea kila swala. Sihitaji swichi kumkumbuka."

"Basi miaka yote hii?"

"Ni wewe, mwanangu. Baada ya matanga ulikuwa ukitoka shule wasimama papo hapo uliposimama sasa. Hulii, huli, waitazama taa iliyozimika. Siku niliyoiwasha ndiyo siku uliyokula. Nikaogopa kuizima, hata ulipoolewa, ukija usiikute imezimika."

"Lakini mimi ni mtu mzima, mama."

"Wallahi, mtu mzima. Na kila jioni ukiingia, kabla hujanishika mkono, macho yako huenda wapi?"

Nimezika shangazi, nimezika ndoa, na bado kuna saa fulani ya jioni ambayo baba yangu hajafika tu. Namtamani. Natamani zile hatua zake zikipita bila kunigusa, na natamani sabuni.

"Sasa wataka niiwashe," mama akauliza kwa upole, "au niiache?"

Nilitaka kusema aiache. Ulimi ulikuwa tayari kabisa.

"Leo tu," nikasema.

Akanyoosha mkono, akaibonyeza swichi. Punje nyekundu ikawaka. Nami, kabla sijajua ninalofanya, nilikuwa nimerudi mlangoni, nimeinama, ninaviondoa viatu vyangu njiani.