Tuliishi ukingoni mwa ziwa Mweru na bado tulibana maji, na sijutii

Wakuu, salaam kwenu, popote mlipo.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Nimeyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena, nikiwaza nani atakasirika. Leo nimeamua akasirike anayetaka.

Kuna komenti nimeisoma humu kwamba kubana maji nyumbani ni shughuli ya watu wa jangwani, mtu wa kando ya ziwa amwage tu. Basi nisikilizeni, maana mimi ni mtu wa kando ya ziwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Nchelenge, upande wa Zambia ya leo. Leo ni mzee sana, lakini wakati ule nilikuwa kijana, nimehitimu ualimu juzijuzi, nakaa kwa dada yangu, jina lake Kasuba, nikingoja kupangiwa shule. Shemeji alikuwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, migodini Katanga. Dada alikuwa mjamzito.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Baiskeli ya tarishi wa boma, ofisi ya serikali, ikipita bila kusimama, nawaza wameninyima shule. Ikisimama kwa jirani, nawaza wamempa jirani shule yangu, na jirani mwenyewe ni mvuvi.

Turudi kwenye maji.

Ziwa ni kubwa, lakini pa kuteka maji palikuwa mahali pamoja tu. Wanawake walikuwa wamechomeka miti mizito majini, imesimama kama zizi, ili mamba asipenye. Unaingia ndani, unachota, unatoka. Nje ya zizi hakuna aliyethubutu kuinama na ndoo.

Jirani na zizi palikuwa na yadi ya tajiri mmoja wa samaki. Watu walimwita Patron. Samaki wake walipasuliwa, wakaoshwa, wakatiwa chumvi, wakavushwa kwenda Katanga. Matumbo yote yalitupwa majini, pembeni kabisa ya zizi letu, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu.

Mnajua nani hufuata matumbo ya samaki. Mamba wakazoea.

Asubuhi moja dada alikuta miti ya zizi imesukumwa kwa ndani, mmoja umelegea kabisa. Alirudi na ndoo tupu. Akaitua chini mbele yangu.

Kisha akasema, kwa Kibemba, nawatafsiria: "Maji nitateka, siwezi kuishi bila maji. Lakini sitayaendea mara nyingi kama mjinga."

Hapo ndipo tulipoanza kubana maji.

Maji ya kuoshea mboga yaliosha sufuria. Ya sufuria yaliosha miguu. Ya miguu yalikwenda kwenye migomba. Kuoga ni kikombe kwa kikombe, umesimama ndani ya beseni ili hata tone lisipotee. Kila ndoo tuliyookoa ilikuwa safari moja ya kwenda kwa mamba ambayo dada hakuifanya. Hesabu yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Na mimi nikaanza kuteka. Mwanamume, tena mwalimu, ndoo kichwani!

Kulikuwa na mzee Chola, mshona nyavu, aliyewahi kufanya kazi Katanga, na aliyependa kutuonyesha Kiswahili chake cha kule, ambacho maji ni mayi. Aliponiona aliangusha uzi.

"Yaba! Mwalimu! Ile karatasi balikupa ni ya kubeba mayi?"

"Ni ya kusomesha, baba. Kubeba najifunza sasa."

"Ziwa yote iko hapa, weye unapimia dada yako mayi na kikombe! Unabakishia nani? Samaki?"

Watu wakacheka. Nililiwaza jibu siku nzima, nikalipata Chola amekwisha kwenda zake. Kesho yake nilibeba ndoo tena, nikapita palepale mbele yake, polepole makusudi.

Baadaye nilijikaza nikamwendea Patron. Nikamwomba achimbe shimo, matumbo yafukiwe.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili kilekile cha Katanga, "ziwa ni kubwa. Matumbo yangu ni kintu gani? Banamuke bakachote kule mbele."

Eti wanawake wakachote kule mbele! Kule mbele hakukuwa na zizi.

Akanishika bega. "Na weye unangojea shule, hivi? Bwana wa elimu kule boma, miye naye tunakulaka meza moja. Sikiliza, baki kimya, utapata shule ya hapa hapa."

Nilirudi nyumbani nikipima pande mbili. Nikisema, nakosa shule. Nikinyamaza, dada anaendelea kuinama mbele ya mamba. Nilimweleza dada yote, nikijua atasema nisigombane na mkubwa.

Alicheka. "Ndume," ndivyo dada wa kwetu anavyomwita kaka yake, "wewe unawaza sana hata unasahau. Maji ya yadi anateka nani?"

Ni kweli. Yadi haikuchota maji yake. Walioitekea ni wanawake wetu, ndani ya zizi letu, kwa ujira wa chumvi. Na samaki wa kutiwa chumvi wanataka maji mengi, safi, karai baada ya karai.

Dada akaenda nyumba kwa nyumba na tumbo lake. Aliwaonyesha wenzake tunavyotumia maji mara tatu. Mkibana nyumbani, aliwaambia, kila mtu atahitaji kuingia zizini mara chache tu. Ya yadi tuyaache, na hata Patron akitufungia njia ya zizi, maji ya ndani yatatutosha siku kadhaa. Wapo waliokataa, chumvi ni chumvi, siwalaumu. Wengi walikubali.

Asubuhi iliyofuata mitumbwi ilileta samaki tele. Wanawake waliingia zizini, kila mmoja akachota ndoo ya nyumbani kwake, wakapita mbele ya yadi bila kusimama.

"Weye mama!" Patron akaita. "Leta mayi huku!"

"Hii ni yangu, Patron," dada akajibu.

"Na yangu iko wapi?"

Dada akaelekeza kidevu pale matumbo yalipoelea. "Yako ile pale. Na kitoweo umeisha kutia."

Wanawake walicheka mpaka maji yakawamwagikia mabegani.

Wafanyakazi wa Patron, wanaume wenye misuli, waliliangalia zizi, wakaiangalia ile miti iliyosukumwa, wakaangaliana. Hakuna aliyeingia. Jua likapanda. Nzi wakaja.

Patron akanifuata mimi, jasho linamtoka.

"Ni weye unabafundisha hii! Ongea na dada yako sasa hivi, na shule ni yako. Ukikataa, minaenda boma leo leo."

Wakuu, niliiona ile shule. Niliuona ubao, niliona watoto wamesimama kunisalimu. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi, lakini ilitoka:

"Chimba shimo, Patron. Halafu simamisha ile miti. Maji yatakuja."

"Unakataa shule juu ya matumbo ya samaki?"

"Ndiyo."

Shimo lilichimbwa kabla samaki hawajaoza wote. Miti mipya ikachomekwa, na waliochomeka ni wale wanaume wa yadi. Mamba hawakuondoka mara moja, lakini walipungua. Dada aliteka maji humo mpaka karibu na kujifungua, akazaa binti, wote wazima.

Shule ya Nchelenge alipewa mwingine. Mimi nilikaa bila kazi mpaka mwaka mwingine, nikapelekwa upande wa Chienge, darasa la nyasi. Kama Patron alisema neno boma au hakusema, nimeliwaza miaka yote hii na sijui. Najua tu kwamba angeniuliza tena leo, ningemjibu vilevile, labda kwa sauti nene zaidi.

Nililojifunza: anayekuambia maji ni mengi, mara nyingi ndiye anayeyachafua, na si yeye anayeyateka. Kubana maji si umaskini. Sisi tulibana, na ndiyo maana tuliweza kumkatalia mtu mkubwa.

Sasa uwanja ni wenu. Anayeona nilikosea kuiacha shule aseme, sitakimbia. Na wewe uliyeandika kwamba watu wa ziwani wamwage tu, karibu pia, ila kwanza niambie: kwako nani anakwenda kuteka?