Tuktuk Iliyofundishwa Kiu

Ogle Yarrow hakupenda kuitwa dereva. Ukimwita dereva pale sokoni Garissa alikuitikia, maana si mtu wa maneno makali, ila uso wake ulikuwa unasema mengine. Yeye alikuwa mtu wa ngamia, mwana wa watu wa ngamia, mzaliwa wa upande wa Diff, kule ambako mbuzi akikata kamba unaweza kumkuta ameshavuka mpaka wa Somalia. Kwamba ngamia wenyewe hawapo tena ni habari nyingine, na ukimuuliza habari hiyo alikuwa na jibu lake tayari: mvua. Mvua ilikosa, ikakosa tena, wakaisha. Watu walimpa pole na kutikisa vichwa, kwa sababu ni kweli mvua ilikosa, na kila mtu mjini anamjua aliyefilisiwa na ukame ule.

Mkewe Anab alilisikia jibu hilo miaka yote na hakuongeza neno. Lakini Anab alikuwepo. Alimwona mumewe akilikataa lori lililoletwa na ndugu zake kubeba mifugo kuipeleka kwenye maji. Ogle alisema ngamia wake wamezoea kiu, watakifikia kisima cha mbele kwa miguu yao. Na kweli aliwalea hivyo tangu wakiwa ndama, akiwasogezea mbele siku ya kunywa maji kidogo kidogo, mpaka wakawa ngamia wa kusifiwa na watu wasiowajua. Lori likaondoka na mifugo ya wengine. Wale wa Ogle walianguka njiani mmoja mmoja, wa mwisho akiwa jike mweupe ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea binti yao, Hamdi. Anab alitembea mpaka barabarani na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo lori halikutajwa nyumbani kwao, si kwa ugomvi wala kwa utani.

Wakahamia Garissa, wakapata chumba mtaa wa Bulla Iftin. Anab akaanza kuuza maziwa ya ngamia wa watu, kwanza kwa kikombe kando ya njia, kisha katika kundi la kina mama linaloongozwa na Fosia, mwanamke mnene wa sauti ndogo ambaye hakuna muuza maziwa anayethubutu kumkatiza. Ogle alishika hiki na kile. Alilinda ghala, akapakia mbuzi kwenye malori, akachoka, akakaa. Mchana alipenda kwenda kusimama kwenye soko la mifugo na kukagua ngamia asiokuwa na haja wala uwezo wa kuwanunua. Wenye ngamia walimwacha, wakijua ni njaa ya macho.

Basi ndipo tuktuk ikaja. Mji huu nao umeanza kuingiwa na mambo. Nje ya maofisi utaona magari yanayokula petroli na stima kwa pamoja, na vijana wa boda wamekonda kwa bei ya mafuta hadi wanaulizana habari za pikipiki za betri kama wanaulizana habari za mchumba. Kundi la Fosia lilipata mradi uliolipa tuktuk ya stima, nyeupe, yenye kitanda nyuma cha kubebea mitungi ya maziwa, na betri nzito zimepangwa chini ya kiti. Haina moshi wala kelele. Ilibaki kutafuta wa kuiendesha, na kina mama walikuwa na majina ya vijana wao, mengi tu. Anab akasimama mbele yao, yeye ambaye huwa hasemi, akamtaja mumewe. Akasema ikiharibika mikononi mwake waje kwake yeye, na wasipotosheka wamtoe yeye kwenye kundi. Fosia alimtazama sana kabla ya kukubali.

Ogle aliambiwa jioni, akaenda kuiona. Aliizunguka mara kadhaa, akaigonga ubavuni kwa kiganja, akainama kutazama chini. Hakucheka mbele za watu, lakini alifurahi, jamani, mtu alifurahi. Baada ya miaka ya kusimama kando ya mali za wengine, alikuwa na kitu cha kuamsha alfajiri.

Fundi aliyeileta ni Wako, Mborana wa upande wa Wajir mwenye karakana karibu na stendi. Alimweka Ogle kwenye kiti, akamwonyesha pale mbele vijiti vya taa vinavyohesabu chaji iliyobaki, akamfundisha. Kila ukipumzika, chomeka waya. Ikibaki nusu, chomeka. Usiisubiri iishe. Akayarudia hayo kama anayemwambia mtoto, na pengine hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Ogle alisikia yote, tena vizuri, akajitia hamnazo. Wako ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe hunywa leo na kesho na keshokutwa, na jua likizidi kidogo analala chini. Mtu aliyekulia nyuma ya mnyama wa namna hiyo atakushauri nini kuhusu safari?

Pale kibandani kwa chai alimweleza mwenzake Jama, dereva wa tuktuk ya petroli, kwamba fundi ameileta mashine nzuri na kutaka kuidekeza. Ukimnywesha ndama kila anapolia, alisema, umemharibu. Mashine nayo ikizoea kunyonya waya kila saa itakuwa nyonge, siku ikikosa stima utaisukuma kwa mikono. Jama, ambaye hajui ngamia wala betri, aliona hoja ina maana.

Basi mtu mzima akaanza kuifundisha tuktuk kiu. Alifanya kwa utaratibu wake wa zamani, bila haraka. Mwanzo aliirudisha kwenye waya kijiti kimoja kikiwa kimebaki. Kisha akangoja mpaka taa nyekundu iwake. Kisha akaizoea taa nyekundu, akawa anaivusha nayo kutoka kijiji cha Modika, anakochukua maziwa, hadi sokoni, mwendo wa polepole, akiisemesha kwa Kisomali maneno ambayo wachungaji huwaambia ngamia jike. Siku nyingine aliiacha ilale bila chaji kabisa, aamke nayo hivyo hivyo. Na ilikuwa inaenda! Hilo ndilo lililomvimbisha kichwa. Alikwenda kumwambia Wako mwenyewe, kwa kile Kiswahili chao cha sokoni, kwamba tuktuk ya ng'ombe sasa imekuwa tuktuk ya ngamia. Wako alikuwa chini ya gari la mtu. Akatoa kichwa, akamwambia aache mchezo huo, akarudi chini.

Haikupita miezi mingi, taa nyekundu ikaanza kuwaka mapema. Safari iliyokuwa ikienda na kurudi ikawa inamalizia kwa kujikokota. Mtu mwingine angeshtuka. Ogle alishtuka pia, tusimwonee, ila akili yake ilikwenda kule ilikozoea kwenda: mnyama anasumbua kwa sababu hajafika kwenye uzoefu, na ukimlegezea sasa umepoteza kazi yote ya nyuma. Akaibana zaidi. Anab alimuuliza mbona siku hizi anachelewa, akajibu ni mchanga wa barabarani. Anab akarudi kwenye mitungi yake.

Harusi ndiyo iliyomuumbua. Familia kubwa ya mjini iliagiza maziwa mabichi ya ngamia kwa wageni wake, na Fosia aliichukua kazi hiyo kwa sababu kundi likifanya vizuri kwenye harusi moja ya watu wakubwa, linaitwa kwenye harusi zote zinazofuata. Kina mama wote waliunganisha mitungi. Waliifukiza moshi wa kuni, wakaiosha, wakamkabidhi Ogle. Yeye jana yake alikuwa ameinyima tuktuk chaji mchana, na usiku akaipa kidogo tu, kwa kusudi. Safari ya kubeba maziwa ya harusi, aliona, ndiyo safari ya kuonyesha imeiva.

Alifika kwa wachungaji mbele ya Modika kabla jua halijapanda, wakampakilia, wakamwombea dua. Kurudi, tuktuk ikapunguza mwendo yenyewe, ikatoa mlio mdogo, ikasimama katikati ya barabara. Vijiti vyote vilikuwa vimezimika, hata ile taa nyekundu. Ogle aliteremka. Akaisukuma ukingoni, akaiacha ipumzike, akajaribu tena. Aliinua kiti akazishika betri kwa mkono, zilikuwa za moto na moja imevimba ubavu. Aliijua hali ile. Aliwahi kusimama hivi kwenye vumbi, mkono juu ya ubavu, akisubiri kitu kiinuke nacho hakiinuki. Aliogopa kuliko alivyoogopa mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa hajui mwisho wake.

Mpaka Wako anafika na gari la kuivuta, jua lilikuwa la kuchoma kichwa na maziwa yalikuwa yamekatika mitungini. Si yale ya kugandishwa kwa mpango ambayo watu hununua. Yalikuwa yameharibika tu. Harusi ililishwa soda. Wako alifunga kamba bila kumlaumu, akazitazama betri, akafunika kiti. Kabla hajapanda kwenye gari ndipo aliposema.

"Betri haina nundu, Ogle. Ukiikausha, inajila yenyewe ndani. Hii haikufa leo."

Kikao kilikuwa siku ya pili nyumbani kwa Fosia, chini ya kivuli cha mabati. Kina mama walikaa kwenye mikeka, Anab akakaa peke yake karibu na mlango, ufunguo wa tuktuk uko mbele ya Fosia juu ya sinia. Kila mmoja alijua kinachoamuliwa pale. Anab alitoa neno lake, na neno likivunjika anatoka, na akitoka hana tena pa kuuzia maziwa. Fosia hakumgombeza mtu. Alisema kwa ile sauti yake ndogo kwamba wamepoteza harusi na wamepoteza betri, na kwamba kabla ya kusema lolote kuhusu Anab wangependa mwenye kuendesha awaeleze kilichotokea.

Ogle alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, na yalikuwa maneno mazuri. Alianza na joto. Mwaka huu joto limezidi, alisema, hata lami inanata, na vitu hivi vya stima vimetengenezwa kwa watu wa nchi za baridi. Kina mama wakaanza kuitikia. Mmoja akasema hata friji yake imekufa juzi. Mwingine akataja simu ya mwanawe. Kikao kilikuwa kinalainika, hilo alilisikia wazi kama mtu anavyosikia upepo ukigeuka, na akaona kwamba akiendelea kidogo tu atakuwa amejiokoa na kumwokoa Anab pia. Kila mtu angempa pole.

"Ogle," Anab akasema kutoka mlangoni, hata sauti hakuipandisha. "Mara hii usiseme ni mvua."

Kina mama walitazamana. Mvua gani tena, na huu ni ukame? Mmoja akadhani Anab amechanganyikiwa kwa haya, akamshika bega. Hakuna aliyeelewa pale ila mtu mmoja, naye alikuwa amesimama katikati yao mkono ukiwa bado hewani kwa hotuba. Ogle aliushusha. Alimwangalia mkewe, na akatambua kwamba yale yote ya lori, na kisima cha mbele, na jike mweupe, Anab alikuwa ameyabeba siku zote, akamtunzia heshima yake kwa kunyamaza. Na bado alikuja mbele ya watu hawa akamtaja yeye. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Fundi aliniambia niichaji," akasema hatimaye. "Mimi ndiye niliyeinyima. Niliijua inachoka, nikaibana." "Ngamia wangu pia, niliwabana. Lori lilikuja nikalirudisha. Anab hana kosa, wala sasa wala zamani."

Fosia aliuchukua ufunguo kwenye sinia, akauzungusha vidoleni, kisha hakumpa Ogle na hakuuweka. Aliinuka na unene wake wote, akaenda mpaka mlangoni, akautia mkononi mwa Anab. Akasema kundi litatafuta betri nyingine, na nani ataendesha ni shauri la mwenye ufunguo. Ogle alitoka bila kuaga, akashinda soko la mifugo akitazama ngamia wa watu.

Betri zilichelewa, lakini zilikuja. Wako alizifunga, na safari hii hakutoa mafunzo, alimkabidhi Anab waya akaenda zake. Asubuhi iliyofuata Anab aliamka, akaswali, akawasha jiko, akamwekea mumewe chai. Ufunguo ulikuwa kando ya kikombe. Ogle aliutia mfukoni kabla hata hajainywa chai.

Sasa ukipita pale kwenye duka la maziwa adhuhuri, jua likiwa kali na watu wameingia ndani, utaiona tuktuk nyeupe imeegeshwa ukutani na waya umechomekwa. Jama alimtania juzi. Alichungulia pale mbele, akaona vijiti zaidi ya nusu bado vinawaka, akamwambia Ogle kweli umekuwa mtu wa ng'ombe, mnyama hajalia unamnywesha.

Ogle alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa ukuta. Alimwambia Jama anywe chai yake. Kisha akanyoosha mkono akaukandamiza waya kwenye soketi, kuhakikisha umeingia.